Ufundi Bila Daftari

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia, akisha kuipanda milima ya Kitonga, hufika Ipogolo kabla hajauona vyema mji wa Iringa. Mji wenyewe uko juu, na jina lake limetokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Ipogolo iko chini, kando ya mto Ruaha Mdogo, mahali ambapo njia ya mjini huachana na barabara kuu na kuanza kupanda. Malori husimama hapo, abiria hushuka, na upepo wa baridi humpokea mgeni wa pwani aliyesahau kuchukua sweta.

Miongoni mwa washukao na mabegi yao wamo vijana wengi wa vyuo, kwani Iringa imekuwa mji wa elimu. Mkwawa, iliyopata kuwa shule ya sekondari na kisha chuo cha ualimu, ilifanywa mwaka 2005 kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vipo pia Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, na Chuo cha Ualimu Kleruu. Palipo na vyuo pana viwanja, na palipo na viwanja hapakosi ubishi wa nani aliyekuwa fundi kuliko wenzake.

Ubishi huo una ukomo wa karibu mno. Mwanafunzi wa leo aweza kumtaja aliyemwona mwaka jana. Mwalimu wake aweza kumtaja aliyesoma naye. Mzee wa mjini atawakumbuka wawili watatu wa enzi zake, tena kwa majina ya utani tu. Baada ya hapo ni kimya. Anayetaka kujua ni nani alikuwa mgawaji bora wa mpira katika shule na vyuo vya Iringa mwaka 1965, au 1978, au 1990, aghalabu hapati kitabu cha kufungua wala orodha ya kuipinga. Wahenga wa pwani walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakizungumzia biashara, lakini ufundi nao ni mali.

Ili kuupima upungufu huu hapana budi kutazama mahali ambapo swali hilohilo limeulizwa na kujibiwa kwa muda wa karne nzima. Mahali hapo ni Marekani, ambako mchezo wa vyuo ni jambo la taifa, na ambako watu wazima, wenye kazi na familia, hushindana mpaka usiku wa manane juu ya nani aliyekuwa mwongozaji bora wa timu ya chuo tangu mchezo ule uanze. Mchezo wenyewe ni mpira wa Kimarekani, uchezwao kwa mikono zaidi kuliko miguu, na mwongozaji huyo huitwa kwotabeki.

Asili ya mchezo huo haiko mbali na kandanda. Tarehe 6 Novemba 1869 vijana wa vyuo vya Rutgers na Princeton walikutana katika mji wa New Brunswick, wachezaji 25 kila upande, na Rutgers wakashinda kwa mabao 6 kwa 4. Siku hiyo mpira haukuruhusiwa kubebwa, na mtu wa Unguja angaliutazama mchezo ule angeliuelewa bila ya kuelezwa. Baadaye vyuo vya Marekani vilielekea kwenye mtindo wa kubeba mpira na kusukumana. Mwaka 1880 Walter Camp wa Chuo cha Yale alishawishi wenzake wakubali sheria mpya: upande mmoja uwe na haki ya kuumiliki mpira, na kila mara mchezo uanze upya kwa mpira kurudishwa nyuma kwa mtu mmoja. Hapo ndipo nafasi ya mwongozaji ilipozaliwa. Mwaka 1906, baada ya vifo na majeraha mengi ya msimu uliotangulia, iliruhusiwa pasi ya kurushwa mbele kwa mkono, na mtu yule aliyekuwa mpokeaji tu akawa mtu wa kuona mbali na kuamua.

Kazi yake si ngeni kwa wapenzi wa ngoma na ushairi. Wachezaji 11 hujipanga, naye husimama nyuma ya mstari na kutamka hesabu kwa sauti. Wenzake wanajua mpira utatoka katika pigo lipi, na adui hajui. Akitaka kuwahadaa adui hubadili mwendo wa hesabu, naye adui hujikwaa kwa kuondoka kabla ya wakati. Hiyo ni mizani, na anayeishika ni manju. Manju hapigi ngoma zote wala haimbi sauti zote, lakini ngoma ikiharibika huulizwa yeye. Mpira ukisha kumfikia, mwongozaji ana sekunde chache za kutazama watu wanne au watano wakikimbia pande mbalimbali, na kumchagua mmoja ambaye bado hajafika mahali pa kupokea. Huurusha mpira pale mtu atakapokuwa, huku wengine wenye miili mizito wakija kumwangusha.

Kwa kuwa kazi ni hiyo, majina yamehifadhiwa. Tangu mwaka 1935 hutolewa Tuzo ya Heisman kwa mchezaji bora wa vyuo, na waongozaji wengi wameitwaa. Kabla yao alikuwapo Sammy Baugh wa Texas Christian, aliyecheza kati ya mwaka 1934 na 1936, na ambaye husifiwa kwa kuifanya pasi ya kurusha kuwa silaha ya kila siku wakati wengine wakiiona kama bahati nasibu. Roger Staubach wa Chuo cha Wanamaji alipata tuzo hiyo mwaka 1963, kisha akatumikia jeshi, akapelekwa Vietnam, na hakuanza mpira wa kulipwa hadi mwaka 1969. Doug Flutie wa Boston College, mtu mfupi kwa kipimo cha mchezo ule, tarehe 23 Novemba 1984 alirusha mpira wa mwisho wa mechi dhidi ya Miami huku saa ikiwa imekwisha. Mpira ulipita juu ya mikono ya walinzi, akaudaka Gerard Phelan, na matokeo yakawa 47 kwa 45. Tommie Frazier alikuwa mwongozaji wa Nebraska iliyotwaa ubingwa mara mbili mfululizo, msimu wa 1994 na wa 1995. Vince Young wa Texas, katika mechi ya Rose Bowl ya tarehe 4 Januari 2006, alirusha pasi za yadi 267, akakimbia mwenyewe yadi 200, na sekunde 19 kabla ya mwisho akaingia eneo la ushindi kwa miguu yake. Texas ilishinda 41 kwa 38. Joe Burrow wa Louisiana State alitoa pasi 60 za mabao katika msimu wa 2019, na timu yake ikashinda mechi zote 15.

Nani kati yao ni bora? Hakuna jibu moja, wala halihitajiki. Jambo la kuzingatia ni namna ubishi wenyewe unavyowezekana. Amtajaye Young hujibiwa kwa Frazier, naye Frazier hupingwa kwa Burrow, na kila mmoja ana mahali pa kuonyesha kwa kidole: yadi, tarehe, jina la aliyepokea pasi, hata sekunde zilizobaki. Nyuma ya ubishi huo wapo makarani wasiojulikana waliokaa pembeni ya uwanja na kalamu, wanafunzi waliochapa gazeti la chuo, na watunza maktaba waliohifadhi kitabu cha kila mwaka chenye picha na majina ya timu. Wao hawakutupa mpira hata mara moja. Lakini pasi ya mwaka 1936 ingelikuwa wapi leo lau si wao?

Hata hivyo daftari la Marekani halikuwa safi. Lina kurasa ambazo hazikuandikwa kwa sababu waliostahili kuandikwa walizuiwa mlangoni. Kwa miaka mingi iliaminiwa katika mchezo ule kwamba Mmarekani mweusi ana miguu na kifua, ila hana kichwa cha kuongoza. Vijana waliokuwa wakiongoza timu tangu utotoni walifika chuoni, au katika ligi ya kulipwa, wakaambiwa wahamie nafasi za kukimbia, kudaka au kulinda. Hawakukatazwa kucheza. Walikatazwa kufikiri kwa niaba ya wenzao.

Willie Thrower alikuwamo katika timu ya Michigan State iliyotwaa ubingwa mwaka 1952. Tarehe 18 Oktoba 1953, akiwa na Chicago Bears, alikuwa mweusi wa kwanza wa zama mpya za ligi ya NFL kucheza nafasi ya mwongozaji. Msimu ulipokwisha aliachwa. Sandy Stephens aliiongoza Minnesota kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1960. Mwaka uliofuata akawa mwongozaji wa kwanza mweusi kutajwa katika kikosi cha kwanza cha nyota wa vyuo vyote vya Marekani, na Januari 1962 akaiongoza timu yake kuishinda UCLA kwa 21 kwa 3 katika Rose Bowl. Timu mbili za kulipwa zilimchagua, na hakuna iliyokuwa tayari kumpa nafasi aliyoijua. Akaenda kucheza Kanada. Warren Moon wa Chuo Kikuu cha Washington alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl Januari 1978, na mwaka huohuo timu zote za NFL zilipita jina lake bila ya kumchagua. Naye akaenda Kanada, akatwaa ubingwa wa huko mara tano mfululizo na timu ya Edmonton, ndipo waliompita walipomwita mwaka 1984.

Wapo waliofunguliwa mlango na vyuo vyao wenyewe. Grambling, chuo cha Wamarekani weusi katika jimbo la Louisiana, kilikuwa na mwalimu Eddie Robinson, aliyewalea vijana wake wawe waongozaji na asikubali wabadilishwe. Mmoja wao, Doug Williams, alicheza fainali ya Super Bowl tarehe 31 Januari 1988 akiwa na timu ya Washington. Katika robo ya pili peke yake alitoa pasi nne za mabao, na mechi ikaisha 42 kwa 10. Mwaka 1989 Andre Ware wa Houston akawa mwongozaji wa kwanza mweusi kutunukiwa Heisman, miaka 54 tangu tuzo ianzishwe. Baada yake wamekuja wengi. Hata hivyo mwaka 2018 bado walikuwapo wajuzi waliomshauri Lamar Jackson wa Louisville, aliyekuwa ametwaa Heisman mwaka 2016, aache kuongoza na kuwa mdakaji. Hakuwasikiliza, na mwaka 2019 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima ya kulipwa.

Hapa ndipo faida ya pili ya daftari inapodhihirika. Waliomnyima Stephens nafasi waliweza kumnyima kazi, lakini hawakuweza kuifuta ile 21 kwa 3. Alifariki mwaka 2000, na mwaka 2011 jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la mpira wa vyuo. Heshima iliyochelewa kiasi hicho haimfaidii aliye kaburini, ila yawafaa walio hai, kwa kuwa inathibitisha kwamba lilikuwapo kosa na kwamba lilitendwa na watu. Mwenye kudhulumiwa ambaye kazi yake imeandikwa ana shahidi. Asiyeandikwa hana hata dhuluma ya kudai.

Katika viwanja vya shule za Afrika Mashariki, kijana mwenye jicho la kuona upenyo hakuambiwa na wenzake kwamba hana kichwa. Alipewa mpira, akapewa na jina la utani. Kilichokosekana ni kalamu. Na la kustaajabisha ni kwamba kalamu hiyo ilitangulia kushikwa mapema sana, tena visiwani. Katika Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja, kilichoanzishwa na wamisionari wa UMCA na kuwapokea vijana waliokombolewa kutoka utumwani, mpira wa miguu ulipata wachezaji wa Kiafrika katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Chuo hicho kilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na mwaka 1888 kikaanza kutoa Msimulizi, moja katika magazeti ya awali kabisa ya Kiswahili. Humo ziliwekwa habari za vituo vya misheni, za walimu waliotumwa bara, na za michezo. Vijana waliokuwa wamepokonywa makwao, wengine wasiojua hata majina ya wazazi wao, walikuwa na mahali ambapo siku zao ziliandikwa kwa lugha waliyoizungumza. Katika miaka ya 1920 chuo kilihamia Minaki, karibu na Kisarawe, na mpira ukahama pamoja nacho. Desturi ya kuandika haikuenea kama mpira ulivyoenea.

Nyanda za Juu Kusini nazo zina mfano wake. Mwaka 1928 ilianza shule ya Malangali, katika sehemu ambayo leo ni wilaya ya Mufindi, chini ya Mwingereza W. B. Mumford. Yeye alishika rai kwamba mwanafunzi wa Kiafrika asigeuzwe kuwa nakala ya Mzungu. Vijana wake walivaa mavazi ya kienyeji, wazee waliitwa kuwafundisha mila, na ngoma na urushaji wa mikuki vikapewa cheo ambacho shule nyingine zilivipa michezo ya Kiingereza. Rai hiyo ilikuwa na sura mbili. Ndani yake mlikuwa na heshima kwa utamaduni wa Wahehe, Wabena na jirani zao, na mlikuwa pia na hatari ya kumwamulia kijana asichopaswa kukitamani. Mumford aliyaeleza aliyoyafanya katika jarida la Africa mwaka 1930, na kwa hiyo wanahistoria wa elimu wangali wakimjadili, wengine wakimsifu na wengine wakimlaumu. Kijana aliyeurusha mkuki mbali kuliko wenzake hajadiliwi na mtu. Daftari lilikuwapo Malangali, ila lilikuwa la mwalimu.

Baada ya uhuru michezo ya shule ilipata mpangilio wa taifa. Mashindano ya UMISSETA kwa sekondari na UMITASHUMTA kwa shule za msingi yaliwakusanya vijana wa mikoa yote, na klabu kubwa zikajifunza kutazama huko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yalisimamishwa kwa muda, kisha yakarejeshwa. Wapo vijana ambao ujana wao wote wa shule uliangukia katika pengo hilo. Walicheza, kwa sababu hakuna amri iwezayo kuuzuia mpira wa jioni, lakini walicheza bila ya jukwaa na bila ya wa kuwahesabu.

Na hata pale jukwaa lilipokuwapo, mwongozaji ndiye aliyesahaulika kwanza. Katika kandanda hakuna mtu mmoja ambaye sheria imempa mpira kila mara, kama ilivyo Marekani. Nafasi iliyo karibu zaidi na ile ni ya kiungo mchezeshaji, yule aupokeaye mpira akiwa ameupa mgongo lango la adui, akageuka, na kabla ya kuinua kichwa ameshajua nani yuko huru. Kazi yake huishia sekunde mbili kabla ya bao. Watazamaji hushangilia mfungaji, mwamuzi huandika jina la mfungaji, na redio hutangaza jina la mfungaji. Aliyeuona upenyo hurudi katikati ya uwanja akitembea.

Mfano wa karibu ni wa mji wenyewe wa Iringa. Mwezi Mei 2019 klabu ya Lipuli, waitwao Wanapaluhengo, iliifunga Yanga mabao 2 kwa 0 katika Uwanja wa Samora na kuingia fainali ya Kombe la Shirikisho. Tarehe 1 Juni, huko Lindi, ilifungwa na Azam bao 1 kwa 0. Siku ile ya Samora haitasahaulika upesi katika mitaa ya Iringa, na majina ya wafungaji yamo magazetini. Ni watu wangapi wanaoweza kusema, kwa kila bao, mpira ulitoka kwa nani? Na ikiwa mechi iliyotazamwa na taifa zima imeacha swali hilo, itakuwaje kwa mechi ya vyuo viwili iliyochezwa jioni ya Jumatano, mashahidi wakiwa wanafunzi mia mbili waliotawanyika mikoani baada ya mitihani?

Tofauti haimo katika vipaji. Suleiman Nyambui, aliyepata nishani ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, na mataji yake ya vyuo yamo katika kumbukumbu za Marekani hadi leo. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alicheza mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya NBA. Kila mpira aliouzuia akiwa chuoni umehesabiwa. Mtanzania huyohuyo, akiwa na miguu ileile na mikono ileile, huandikwa akivuka bahari na husahauliwa akibaki.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na makaratasi yao, na kwamba jamii za huku zina kumbukumbu ya moyo ambayo haihitaji karani. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa watu wa pwani, ambao wamezihifadhi tungo kwa vizazi na vizazi katika vichwa vya waghani. Lakini pwani yenyewe ndiyo inayoijibu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yaliimbwa barazani na kuhifadhiwa na wale walioyapenda. Nusu karne baadaye, wengi wa wale wakiwa wamekwisha kuondoka duniani, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikusanya yaliyosalia akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka. Kumbukumbu ya moyo ilifanya kazi yake: ilimvusha Muyaka hadi mikononi mwa Sikujua. Isingelimvusha zaidi ya hapo. Na hakuna awezaye kusema ni tungo ngapi zilizama kabla ya Sikujua kuanza kuuliza.

Tena shairi lina vina na mizani vya kuisaidia akili. Pasi ya mpira haina. Shairi laweza kughanwa upya na asiyekuwapo lilipotungwa, na likawa ni lilelile. Pasi iliyopenya kati ya mabeki wawili mwaka 1978 hairudiwi. Ikiwa tungo za malenga mkubwa zilihitaji wino ili zisipotee, ufundi wa kiungo wa chuo unauhitaji zaidi.

Na wino huo si ghali. Marekani ilianza na kalamu na karatasi, miaka mingi kabla ya televisheni. Daftari moja la idara ya michezo lenye tarehe, uwanja, majina 11 ya kila upande, mfungaji, na safu moja zaidi ya aliyetoa pasi lingetosha. Timu ya chuo ina katibu, na chuo kina maktaba. Wapo pia wazee walio hai, walimu waliostaafu na makarani wa zamani, ambao walizicheza jezi za Mkwawa, Tosamaganga, Malangali na Kleruu, na ambao wangefurahi kuulizwa. Anayehitajika ni Sikujua wa mpira, mtu wa kupiga hodi na kuuliza kwa adabu: mzee, mlipokuwa shuleni, nani aliyekuwa akiwachezesha?

Swali hilo lina haraka yake. Kijana wa miaka 20 aliyecheza mwaka 1965 yuko leo karibu na miaka 80. Kila mwaka mmoja wao huondoka, na pamoja naye huondoka kikosi kizima alichokuwa akikikumbuka: kipa, mabeki, mfungaji, na yule wa katikati aliyekuwa akiona kabla ya wengine kuona.

Jioni, jua likielekea nyuma ya vilima vya Iringa na baridi ikianza, vijana hurudi kutoka viwanjani. Wale wanaokaa chini hushuka mpaka Ipogolo kwa miguu, viatu vimening'inia shingoni, wakiijadili mechi. Mmoja husifiwa kwa bao. Mwingine, anayetembea pembeni, alilitengeneza bao hilo, na kwa leo wote wanalijua. Kumwandika kungechukua muda usiozidi dakika moja.